Sanduku Lililofungwa kwa Mikono Miwili

Fundi hakulifungua sanduku kwanza. Alilizunguka, akachuchumaa, akaweka jicho usawa wa ukingo wa kifuniko kama seremala anayekagua ubao, ndipo akauliza: "Aliyekuwa akilifunga hili ni nani?"

Nikamwambia ni bibi yangu mzaa mama, na kwamba arobaini yake tumeimaliza juma lililopita.

"Mungu amrehemu. Alikuwa akifunga kwa mikono miwili," akasema. "Tazama, kifuniko hakijakwenda upande. Mengi ninayoletewa yamepinda kulia, maana mtu husukuma kwa mkono mmoja naye ameshageuka anaondoka."

Tulikuwa Buyenzi, kwenye safu ya vibanda ambako nyundo huanza kulia kabla watu hawajamaliza chai. Bujumbura nzima huleta hapa magari yake yaliyokataa kuwaka, na kwa watu wa mitaa kama Rohero au Kinindo kutaja Buyenzi ni kutaja gereji. Husahaulika kwamba pamoja na mafundi wa injini palikuwa na mafundi bati, watu waliokata mapipa ya mafuta wakatoa humo mbabura za mkaa, koroboi, mikebe ya kupimia mchele na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Wa namna hiyo nimebaki kumjua mmoja. Haja yangu kwake ilikuwa ndogo: bawaba moja ilikuwa imekatika, na tumbuu ya kufuli ilikuwa inacheza. Lakini maneno yake yale yalinikalisha kwenye kibao chake hadi adhuhuri, kwa kuwa katika siku mbili za kutoa vitu nyumbani hakuna hata mmoja wetu aliyeliona aliloliona yeye kwa kuchuchumaa mara moja.

Nyumba ya Bibi iko kwenye moja ya zile avenyu zilizonyooka kama mistari ya daftari, ambazo tangu enzi za Wabelgiji tunazitaja kwa namba. Ni nyumba ya matofali ya udongo, bati lake limeshika kutu, na ua wake umelea familia nne. Wajomba wameamua ivunjwe, pajengwe vyumba vya kupangisha. Sina ugomvi na uamuzi wao. Ukuta wa nyuma ulikuwa umekwisha kulegea, na mvua za huku hazina huruma na udongo. Ila nyumba haivunjwi na vitu ndani. Tukakutana, watoto na wajukuu, tuchague cha kubaki na cha kwenda.

Tulitoa televisheni tatu zisizowaka. Tukatoa feni zenye mapanga yaliyovunjika, termosi zilizopasuka vioo, viti vya plastiki vilivyopungua mguu, nyaya za kuchajia simu zilizofungamana kama mizizi, ndoo ndani ya ndoo ndani ya ndoo. Kila kilichoshikwa kilikuwa na mwenyewe wa kusema, "Hicho kiache, nitakitengeneza." Televisheni moja ilikuwa imengojea kutengenezwa miaka minane. Kamioneti ilijaa, ikaenda, ikarudi, ikajaa tena. Nilisimama mlangoni nikihesabu kwa macho, nikaona kwamba katika mizigo yote miwili iliyoondoka hakuna hata kitu kimoja cha Bibi. Vyote vilikuwa vyetu sisi, vingi vimenunuliwa baada ya soko kuu kuungua tarehe 27 Januari 2013, biashara ikasogea masoko ya pembeni, na Ruvumera, palepale mtaani petu, pakafurika vitu vya bei nafuu visivyomaliza mwaka.

Vya Bibi, aliyeishi humo zaidi ya nusu karne, vilikuwa hivi: sanduku la bati, kinu na mchi wake, birika, mkeka wa kuswalia, msahafu, na sufuria mbili ambazo matako yake yalikuwa yamebadilishwa na fundi, moja mara moja, nyingine mara mbili.

Kwa miaka mingi nimesikia watu wakisema wazee wetu walikuwa na vichache kwa sababu walikuwa maskini. Sikubali. Umaskini hauwezi kulipanga sanduku vile. Usiku aliofariki umeme ulikuwa umekatika, na Mama Mdogo alilifungua gizani. Kitu cha kwanza alichogusa kilikuwa sanda. Bafta vipande vitano, kama inavyompasa mwanamke, vilivyokwisha kukatwa kwa kimo chake, vimefungwa pamoja na pamba na kafuri. Chini yake palikuwa na hati ya kiwanja na vitambulisho, ndani ya karatasi ya nailoni. Chini ya hivyo, doti za kanga, kila moja imewekewa uzi wa rangi yake kwenye kona. Picha na barua zilikuwa chini kabisa. Mama Mdogo hakupapasa wala hakupekua. Kila alichohitaji usiku ule kilikuja mkononi kwa zamu yake.

Mpangilio huo aliufundishwa na hofu. Machi 1995, damu ilipomwagika Bwiza na Buyenzi, watu walikimbia kwa maelfu, wengi wakishika njia ya Gatumba kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Bibi alikuwa miongoni mwao. Alikuwa akitusimulia kwamba usiku ule aliingiza mkono sandukuni akatafuta hati ya nyumba na hakuiona, ilikuwa imezama chini ya nguo. Akaondoka bila hati, na msahafu kwapani. Jirani yake ndiye aliyelificha sanduku chini ya kuni zake mpaka aliporudi. Siku aliyorudi, kabla hajafagia, alikaa chini akalipanga upya. Cha dharura juu, cha kumbukumbu chini. Tangu hapo hakulibadilisha, isipokuwa uzee ulipoingia akaitanguliza sanda mbele ya hati.

Na sasa niseme habari ya mikunjo, maana hiyo ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo.

Mara mbili kwa mwaka Bibi alilitoa sanduku uani: kile kiangazi kifupi cha Januari, na tena Juni mvua zikishakatika. Sanduku aliliacha juani, mdomo wazi, bati lipate moto. Nguo hakuzianika juani hata siku moja, kwa sababu jua hula rangi; alizitandaza mkekani chini ya mwembe, zipate upepo. Sisi watoto tulipewa kazi ya kufukuza kuku. Alasiri alianza kukunja, na hapo tulinyamazishwa. Alichukua doti, akaitafuta kwa kidole alama ya mkunjo wa zamani, akaisogeza kwa upana wa vidole vitatu, akakunja mahali papya. "Nguo hufia kwenye mkunjo," alikuwa akisema. Ukiikunja palepale kila mwaka, uzi huchoka palepale, na siku utakapoifungua utaikuta imekatika kama iliyopitiwa wembe, wakati pengine pote ni nzima. Kwa hiyo kila kiangazi mkunjo ulihama. Aliyejua kutazama angeweza kuisoma miaka ya doti ile kwa mistari hafifu iliyopita sambamba, mmoja pembeni ya mwingine. Kati ya mikunjo alitia karafuu chache, zimefungwa kitambaani zisije zikatia doa. Halafu kifuniko: viganja viwili, kimoja kila pembe, kikashuka taratibu mpaka bati likutane na bati bila kelele.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi nilipoomba nikunje mimi. Alinipa kitambaa cha zamani, akanikunjulia mara nne, na mara ya tano akaniacha. Sikuulizia tena. Nilikuwa na michezo yangu.

Mikono yake hunikumbusha meli moja ya Ziwa Tanganyika hili letu, ambayo Bibi, mzaliwa wa Ujiji, aliipanda akiwa msichana akienda na mama yake kusini, Kasanga kwa shangazi yake. Ni Liemba. Wajerumani waliileta vipande vipande, kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, wakaiunga huko na kuishusha majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata wakazidiwa vitani, wakaamriwa kuizamisha wasimwachie adui. Mafundi wake waliizamisha kweli, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaikuta inatengenezeka, na mwaka 1927 ikarudi kazini, ikabeba watu na dagaa wao kwa miongo na miongo. Nafikiri sana juu ya mikono ile iliyopaka grisi kwenye chombo kinachokwenda chini ya maji. Ni mikono ya ukoo mmoja na ya Bibi. Aliyetunza hivyo amekwisha kukiri kwamba hajui kitakachotokea, na hata hivyo anakataa kuwa yeye ndiye wa kukiharibu.

Watu hudhani mtunzaji ni mtu anayelimbikiza. Bibi hakulimbikiza. Sanduku lake halikuwahi kujaa, kwa kuwa lilikuwa na sharti: kikiingia kimoja, kimoja kitoke. Akizawadiwa doti Idi, kabla ya Idi nyingine doti mojawapo ilikuwa imekwenda kwa bi harusi, au kwa mzazi wa mtaa wa pili, au kwa mfiwa. Zile nyuzi za rangi kwenye kona zilikuwa majina. Bluu ya Mama, nyekundu ya Mama Mdogo, kijani ya dada yangu, nyeupe yangu mimi. Tuliposoma mirathi, mafungu yalikuwa na hesabu zake, kama yalivyowekwa katika Sura ya An-Nisaa, na hakuna aliyebishana. Kwenye doti hata hesabu haikuhitajika. Alikuwa ametukabidhi akiwa hai, mbele ya mashahidi, akatuomba tu amtunzie kila mtu yake mpaka siku hiyo. Kinu ndicho kilichotutaabisha, kwa sababu wote tumekula sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa humo na hakuna kati yetu anayetwanga. Sombe siku hizi tunainunua Ruvumera imekwisha kusagwa na mashine. Kimechukuliwa na jirani, binti wa yule aliyelificha sanduku chini ya kuni.

Naona uchungu kuandika kwamba sisi tuliosoma, wenye kabati la nguo kila chumba, tulishindwa na kazi aliyoifanya yeye kila kiangazi kwa alasiri mbili. Tumeiacha kazi ya kuchagua mpaka siku ya msiba, na siku ya msiba mtu hachagui. Hutupa kila kitu, au hung'ang'ania kila kitu. Niliwaona ndugu zangu wakifanya yote mawili saa moja hiyohiyo, nami nikiwa mmoja wao. Tulikuwa karibu kulitupa sanduku lenyewe. Lilikuwa limekwisha kuwekwa kwenye kamioneti, juu ya televisheni, bawaba yake ikakatikia hapo, kwa kuburutwa na sisi. Miaka yote ile na Bibi haikukatika.

Fundi alimaliza baada ya swala ya adhuhuri. Hakuweka bawaba ya dukani. Alikata kipande cha bati nene la pipa, akakikunja juu ya fuawe, akatoboa matundu manne, akakaza kwa ribiti akizigonga kidogokidogo, nyundo ikishuka kwa uzito wake tu. Tumbuu hakuibadilisha, aliitoa, akainyoosha, akairudisha palepale. Nilimuuliza nani anajifunza kwake. Akasema mwanawe wa kwanza anachomelea milango ya vyuma, kazi ina fedha, naye hamlaumu. Wa pili ana pikipiki. Zana atamwachia nani hajaamua. Kisha akavuta pumzi ndani ya sanduku na kusema, "Karafuu bado ipo."

Nilimlipa alichotaka na nikaongeza, akakataa nyongeza. Nikalishusha kifuniko mbele yake, kwa mikono miwili, nikijua ananitazama.

Sanduku liko kwangu sasa, na doti nne zimo, kwa kuwa wenzangu wameniomba niwakalie nazo. Juni ikifika nitazitoa chini ya mwembe wa jirani, maana wetu unakatwa pamoja na nyumba. Binti wa dada yangu ana miaka tisa. Nimemwambia mama yake amlete siku hiyo, na asimpangie kazi nyingine mpaka jioni.