Fundi wa Kupanga Nyimbo za Mwaka

Desemba ikiingia, mabasi ya kutoka Nairobi hushusha watu Oyugis, Rongo, Awendo na Migori mjini, na kila aliyerudi nyumbani huuliza: mwaka huu wimbo gani umeshika? Wa kumjibu wako wengi. Ninayemwamini mimi ni fundi mmoja wa Rongo anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, na ambaye kila mwisho wa mwaka huzipanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Ninachokihusudu kwake ni subira. Benga, muziki wa magitaa wa Waluo, haitaki pupa. Kwanza mwimbaji anasimulia: anamsifu mpenzi, anamlilia marehemu, anawataja marafiki na wafadhili kwa majina. Kisha sauti inapumzika, gitaa la solo linaupokea wimbo, besi inalifuata mbio, na hapo ndipo unapojua wimbo umeundwa na nini. Enzi za Shirati Jazz ya D. O. Misiani na Victoria Jazz, wimbo mara nyingi uligawanywa pande mbili za santuri. Mvivu wa kugeuza santuri alibaki na nusu ya utamu.

Fundi huyu basi hatoi hukumu kabla gitaa halijamaliza. Hupunguza sauti, akainamia spika, akafuata solo noti moja moja, midomo imefungwa. Anatafuta nyatiti mle ndani. Wapigaji wa mwanzo wa benga walihamishia kwenye gitaa mtindo wa nyatiti, ala ya nyuzi 8 ambayo mpigaji huidonoa akiwa ameketi kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao kushika mapigo. Solo linalofunika udhaifu wake kwa kelele hulishusha bila huruma. (Ohangla, muziki wa Waluo unaotegemea ngoma, huipangia orodha yake peke yake, kwa sababu haipimwi kwa gitaa, na nadhani anafanya haki.)

Akishamaliza kuzipanga, huzicheza kwa mpango huo huku akitazama miguu ya wapita njia, makanga na wauza matunda. Wimbo ambao watu wanauimba lakini miguu imetulia haupiti katikati ya orodha. Uliopendwa kwa sababu umemtaja tajiri fulani nao hushuka, maana sifa za kulipiwa huchuja upesi.

Hajali wimbo ulitoka lini. Mwimbaji Okatch Biggy alifariki 1997, Misiani 2006, na wote wawili bado wanashindana na Prince Indah wa leo. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi namuunga mkono: wimbo wa mwaka ni ule tuliokaa nao mwaka huo, kwenye harusi, matangani na ndani ya matatu.

Na sikio la kuchagua halikuanza na flashi. Katika miaka ya 1970 Oluoch Kanindo alirekodi na kusambaza santuri za benga, akachagua vizuri kiasi kwamba zilipofika Zimbabwe watu wa huko waliuita muziki wenyewe kanindo. Jina la msambazaji likawa jina la ngoma! Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza kwa niaba ya wengine.

Nami nimepanga zangu kwa kanuni za Rongo. Wa kwanza ni Hera Mwandu wa Musa Juma. Alifariki Machi 2011, lakini sijasikia mwaka huu magitaa yanayopokezana kwa adabu kama yale ya bendi yake, Limpopo International. Anayetaka kunipinga namkaribisha, ila ausikilize kwanza hadi mwisho.