Bandu Bandu Huisha Gogo: Ulinzi wa Imani katika Rosa Mistika

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilichapishwa mwaka wa 1971, na muda si muda ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kupotosha maadili ya vijana. Wahakiki wengi wameichambua kama riwaya ya malezi. Makala haya yanadhamiria kuitazama kwa jicho jingine: kama uchunguzi wa namna imani ya Kikristo inavyomegwa na malimwengu hatua kwa hatua, na namna ulinzi usiofaa unavyouharakisha mmomonyoko huo.

Jina la mhusika mkuu lina uzito wake. Rosa Mistika, yaani waridi lenye fumbo, ni sifa mojawapo ya Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka wa 1944 na kusoma katika Seminari ya Nyegezi, aliijua lugha hiyo ya ibada kwa ndani. Kwa kumpa msichana jina hilo, anamtwika kipimo cha usafi kabla hajatenda lolote.

Anguko la Rosa si la ghafla. Nyumbani Namagondo, babake Zakaria, ambaye mwenyewe ni mlevi, anampiga vibaya kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na Charles. Kutokana na kipigo hicho Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume, hajifunzi kuwajua. Katika shule ya wasichana ya Rosary hofu hiyo inamhifadhi kwa muda, kisha inalegea. Afikapo chuo cha ualimu Morogoro, mbali na jicho la baba, lililokuwa aibu limekwisha kuwa mazoea. Riwaya haituonyeshi siku ambayo Rosa anaamua kumwacha Mungu. Bandu bandu huisha gogo: kila hatua inaonekana ndogo ikilinganishwa na iliyoitangulia, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Yamkini msomaji wa haraka atahitimisha kwamba Zakaria alistahili kuongeza ukali. Msuko wa riwaya unakanusha hitimisho hilo. Ua likijengwa kuzunguka shamba lisilopandwa kitu, siku ua litakapoanguka hakuna kitakachookolewa. Rosa alipewa makatazo bila kupewa sababu, na aliyemkataza hakuwa kielelezo cha alichokidai. Imani iliyomtegemea mlinzi wa nje haikuweza kusafiri naye hadi Morogoro.

Charles naye anaukamilisha ukosoaji huu. Rosa amekwisha kujirekebisha na anafundisha kwao, lakini mchumba huyo anamkataa kwa kuwa si bikira tena, naye anajiua. Dini inayofunza toba imegeuzwa hapa kuwa ukaguzi wa mwili usio na nafasi ya msamaha. Ulimwengu umeingia katika imani kwa mlango ambao hakuna aliyeulinda: kiburi cha wanaojiona wasafi.

Hata hivyo, riwaya ina upungufu. Kezilahabi anayaeleza matendo ya Rosa kwa wingi kuliko dhamiri yake. Msomaji anayaona mahusiano yakifuatana kwa kasi, lakini hasikii vya kutosha namna sala inavyofifia moyoni mwa binti aliyelelewa nayo. Kwa sababu hiyo, mandhari ya mwisho, ambapo Rosa na babake wanalaumiana mbele ya Mungu, yanabeba mzigo ambao ungalifaa kugawanywa katika sura zilizotangulia.

Waliopiga marufuku kitabu hiki hawakuwa na nia mbaya. Jukumu la kuwalinda vijana ni la kweli, na uwazi wa riwaya kuhusu masuala ya ngono ulikuwa mgeni katika fasihi ya Kiswahili ya wakati huo. Lakini walirudia kosa la Zakaria: waliinyang'anya mikono ya vijana barua bila kuwafundisha kuisoma. Baadaye riwaya iliruhusiwa na hata kutahiniwa. Mwalimu wa shule ya kidini anayetaka wanafunzi wake watambue hatua ndogo ya kwanza, kabla haijazaa ya pili, ana sababu njema ya kuisoma pamoja nao darasani, tena hadharani.