Mkimbizi wa Kitante na kanda zake

Mwezi uliopita nilipeleka vijana kumi na wawili wa kikundi chetu kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kitante, Kampala. Tukiwa mbele ya ngoma, vinubi na endingidi, ile fidla ya uzi mmoja, niliwasimulia juu ya Klaus Wachsmann, aliyesimamia makumbusho haya toka 1948 hadi 1957. Kijana mmoja akacheka: "Kaka, hata hapa ni mzungu?" Nikamjibu: ndiyo, lakini mzungu aliyekimbia kwao. Wote wakanyamaza.

Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907, akasomea muziki chuo kikuu. Mwaka 1933 Hitler aliingia madarakani, na masomo yake yakakatwa kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Udaktari akaumalizia Uswisi, na 1937 akafika Uganda kufanya kazi na wamisheni.

Ninachomsifu ni hiki: mtu mwenye udaktari wa nyimbo za kale za kanisa alikubali kuwa mwanafunzi. Alikaa na Temuteo Mukasa, mpiga kinubi wa Kabaka. Badala ya kusema kinubi kile hakijakazwa sawa, alipima sauti zake, akaona ngazi tano zenye nafasi karibu sawa, na mwaka 1950 akaandika hivyo katika jarida la sayansi la Nature. Pale makumbusho vyombo havikukaa kimya ndani ya kioo: Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, alivipiga wageni wasikie. Wachsmann alizunguka pia nchi akirekodi, zaidi ya nyimbo elfu moja. Baadaye akawa profesa Marekani, Los Angeles na Northwestern.

Lakini sifa siyo yote. Kanda zile ziliishia London. Kwa miaka mingi, mjukuu wa mwimbaji wa hapa angehitaji viza ili amsikie babu yake. Leo nakala zimerudi Makerere, na hiyo ni kazi nzuri sana. Ila hifadhi yenyewe ina jina la aliyeshika mashine. Waliofungua mdomo wako ndani, kwenye orodha.

Kusema ukweli, hii inaniuma kwa sababu yetu. Tulikuwa na mama mzee aliyejua nyimbo za kulima za kijiji chao, huko Kongo. Siku ya Wakimbizi wageni wa shirika moja walimchukua video, wakampigia makofi, wakaenda. Alipofariki tuliitafuta ile video ili vijana wajifunze. Hatukuipata. Wachsmann aliandika, akapanga, akatunza. Sisi tumerekodiwa sana kuliko watu wa wakati wake, na tumetunziwa kidogo.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaofanya kazi na mashirika, mkiinua simu tukiimba, andikeni jina la mwimbaji na mahali wimbo ulikotoka, halafu nakala ibaki kwetu kabla gari halijaondoka. Na sisi wenyewe tusingoje mgeni. Jumamosi hii vijana wangu wanaenda kwa mzee mmoja anayepiga likembe. Wana simu mbili na daftari. Ukurasa wa kwanza tumeshaandika jina lake.