KHABARI YA KITI SI KITI

Biashara ni mlango mpana wa riziki, na Uislamu haukuufunga mlango huo, ila umeuwekea bawabu, na bawabu huyo ni ukweli. Muuzaji aseme kweli juu ya bidhaa yake, na mnunuzi ajue anachokinunua. Zamani bidhaa zilikuwa ni vitu vya kushikwa kwa mkono: mchele, kitambaa, ng'ombe, jahazi. Katika zama zetu hizi imezidi bidhaa isiyoshikika, nayo ni khabari. Na kwa kuwa khabari haina rangi wala harufu, ni rahisi sana kuiuza iliyooza kwa bei ya ile nzima.

Katika khabari zinazouzwa leo, nataka tuitazame moja, nayo ni khabari ya viti vya ndege. Wako watu katika intaneti wanaotoza ada ya kila mwezi ili wamwonyeshe msafiri ndege ipi ina nafasi, siku gani, na nafasi hiyo ni ya daraja gani la bei. Hawauzi tiketi, wala hawana ndege. Wanachouza ni kule kutafuta tu. Huduma hizi zimekwisha ingia majumbani mwetu, kwani watoto wetu wako Muscat, Dubai, London na Toronto, na wao ndio wanaowatafutia njia wazee wao. Hata sisi tulioko Mandewa, katika Manispaa ya Singida, ambako bahari twaisikia tu, jambo hili limetufikia.

Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwangu aliniletea suala. Mama yake, mkaazi wa hapa Mandewa, alikuwa na dada yake huko Muscat aliyeshikwa na maradhi mazito, akataka kwenda kumwuguza. Safari ya mtu wa huku si nyepesi: ni basi hadi Dodoma, kiasi cha kilomita 240, kisha treni au basi tena hadi Dar es Salaam, ndipo aione ndege. Nauli waliyoikuta ilizidi walichokuwa nacho, ila si kwa zaidi ya kiasi cha kukopeka. Lakini kijana alikuwa amelipia huduma moja ya kutafuta viti, ambayo jina lake silitaji, nayo ilimwonyesha kwamba ndege ya juma lile ina viti vinne vya bei nafuu. Alipokwenda kwa wakala kununua, wakala akatazama katika kompyuta yake akasema viti hivyo havipo. Kijana akarudi kwenye huduma, ikasema vipo. Siku tatu alikwenda akirudi baina ya maneno mawili. Kisha akaweka ombi la kupashwa khabari kiti kitakapofunguka. Khabari ikafika usiku wa manane, na asubuhi kiti kimekwisha kwenda. Siku ya sita wakakopa, wakanunua kwa bei iliyokwisha panda mara nyingine. Mama alifika Muscat siku ya pili baada ya maziko.

Kijana alipoandika kudai ada yake, alijibiwa kwamba khabari zile ni za kusaidia tu, nazo hazina dhamana. Na mwezi uliofuata ada ikakatwa tena katika kadi yake. Akaniuliza: ada hii ni halali kwao?

Kwanza tuseme la haki. Umri u mikononi mwa Mwenyezi Mungu, wala hatusemi kwamba huduma ile ndiyo iliyomkosesha mama kumwona dada yake. Lakini kuamini kadari hakumwondolei mtu hisabu ya maneno aliyoyauza. Basi na tuipime kazi hii kwa mizani, bila ya kuionea.

Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na Hakim bin Hizam juu ya mtu kuuza kitu asichokuwa nacho, alimkataza. Na wanavyuoni wakapiga mifano ya bei ya gharari, yaani bei ya jambo lisilojulikana mwisho wake: samaki aliyomo majini, na ndege aliye angani. Wao walimkusudia ndege mwenye manyoya, lakini msomaji ataona jinsi mfano ulivyotufikia sisi. Hata hivyo, tusifanye haraka ya kuhukumu. Wenye huduma watasema: sisi hatukuuza kiti, tumeuza juhudi ya kutafuta. Na hilo ni kweli. Kumlipa mtu akutafutie kitu ni jambo lijulikanalo na halina ubaya. Dalali hulipwa, mjumbe hulipwa, mwenye kumtafuta ng'ombe aliyepotea hulipwa. Kwa hivyo asili ya ada hii ni halali. Ubaya, kama upo, tuutafute katika namna kazi inavyofanywa na inavyonadiwa.

Ili tuelewe, yatupasa tujue viti vya ndege huuzwaje. Shirika la ndege halivitii viti vyake vyote katika kapu moja. Katika chumba kile kile, viti vilivyo sawa kabisa hugawanywa katika makapu mengi, kila kapu na herufi yake na bei yake. Kapu la bei ndogo likifungwa, ndege yaweza kuwa nusu tupu na bado ukaambiwa nafasi ya bei hiyo hakuna. Hisabu inayoonyeshwa kwa mawakala kwa kawaida haipiti 9, na 9 maana yake ni tisa au zaidi. Tena shirika laweza kumpa kiti cha kutoka Dar es Salaam hadi Doha mtu anayeendelea mpaka London, na likamnyima kiti kile kile anayeshukia Doha. Na viti vya kulipiwa kwa pointi za safari vina kapu lao peke yake, dogo zaidi, hufunguliwa na kufungwa wakati wowote shirika lipendapo.

Huduma ya kutafuta husimama nje ya makapu haya na kuchungulia. Huuliza, hupewa jibu, na mara nyingi hulitia jibu hilo katika ghala yake ili imwonyeshe na mteja wa pili na wa mia bila ya kuuliza tena. Hapo ndipo penye siri ya viti vinne vya yule kijana. Kiti kilichokuwapo alfajiri huonyeshwa adhuhuri kana kwamba kipo, na hali aliyekinunua amekwisha funga mizigo yake. Wenye kazi hii wanakijua vizuri kiti hiki cha kivuli.

Basi sasa tuzitaje aibu zake.

Ya kwanza ni kuificha tarehe ya khabari. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji ndani. Mwenye mali akajitetea kwamba kimenyewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona, kisha akamkana mwenye kughushi. Tazama, ndugu msomaji: hakumlaumu kwa mvua, kwani mvua haiko mkononi mwake. Alimlaumu kwa kuiweka mbichi chini na kavu juu. Na huduma hizi vivyo hivyo. Kiti kutoweka si kosa lao, hiyo ndiyo mvua. Kosa ni kuonyesha viti vinne kwa herufi kubwa, na umri wa khabari hiyo, ikiwa wautaja, kwa herufi za sisimizi.

Ya pili ni khabari moja kuuzwa kwa watu wengi. Kiti kimoja kikifunguka, waliolipia kupashwa khabari hupashwa wote, na atakayekipata ni mmoja. Hakuna ubaya wa kushindana, ubaya ni kumnadia kila mmoja kana kwamba ameshikiwa yeye nafasi. Lau wangesema kwa uwazi kwamba wengine pia wanasubiri, mtu angejua kwamba amenunua tiketi ya kushindana mbio, si ya kupanda ndege.

Ya tatu ni ada isiyopungua bidhaa inapopungua. Mashirika mengine ya ndege hayapendi kuchunguliwa, na huweza kuifunga milango yao. Mwezi wa Oktoba 2023 shirika la Air Canada lilipeleka mashtaka katika mahakama ya Delaware, Marekani, dhidi ya wenye huduma iitwayo Seats.aero, inayotafuta viti vya pointi, likidai kwamba wanachota khabari zake bila ya ruhusa. Na huko Ulaya, mwezi wa Januari 2015, mahakama kuu ya Jumuiya iliamua, katika shauri la Ryanair na PR Aviation, kwamba mwenye khabari zisizolindwa na sheria ya hifadhi aweza kuweka masharti ya matumizi yake kwa mapatano. Basi mwenye huduma hana amani na chanzo cha bidhaa yake. Leo ana mashirika haya, kesho moja limefungwa. Mteja aliyelipa kwa ajili ya shirika hilo hilo ana haki ya kuambiwa siku ile ile, na kupewa nafasi ya kutoka. Na mlango wa kutokea uwe sawa na wa kuingilia. Kuingia kwa kubonya mara moja, na kutoka kwa kuandika barua tatu, huo ni mtego.

Watakaowatetea watasema: mjumbe hauawi. Wao wamechukua tu maneno ya mashirika, na kama maneno ni ya uongo, waulizwe mashirika. Naam, mjumbe hauawi. Lakini mjumbe mwema akifika husema ametumwa na nani, ameondoka lini, na njiani amechelewa wapi. Mjumbe anayeleta barua ya juzi akasema ni ya leo, na kwa barua hiyo akapokea ujira, huyo hakuilinda amana yake. Watasema pia: tumeandika katika masharti kwamba hatudhamini. Hili nalo lina jawabu. Sharti lililozikwa katika kurasa ishirini za Kiingereza cha mahakama, mbele ya mzee wa Mandewa au wa Pangani, halikusemwa. Kunena ni kumfikishia mtu, si kutoa sauti tu.

Na wasituambie kwamba uwazi hauwezekani katika mambo ya mashine. Mashirika ya ndege ya Marekani yalianza kuweka hisabu za viti katika kompyuta tangu miaka ya 1960, na mtambo wa SABRE wa American Airlines, uliotengenezwa pamoja na IBM, ulikuwa mashuhuri katika hiyo. Baadaye mitambo hii ikatiwa katika maofisi ya mawakala, na wenye mitambo wakawa wakizitanguliza ndege zao juu ya kioo na kuzishusha za wenzao chini, ambako wakala hafiki. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikatoa kanuni za kuukataza upendeleo huo, na Ulaya ikaweka zake mwaka 1989. Kanuni za Marekani zilikwisha mwaka 2004, lakini funzo lake halikwisha: mpangilio wa khabari ni sehemu ya ukweli wake. Aliyeweza kulazimishwa kupanga ndege kwa haki aweza pia kuandika pembeni mwa kila kiti saa ilipopatikana khabari yake.

Kwetu Tanzania iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nayo yakataza kumpoteza mteja kwa maneno ya hadaa, na iko Tume ya Ushindani ya kupelekewa mashtaka. Lakini muuzaji akiwa ng'ambo na hana duka wala wakala huku, mkono wa sheria huwa mfupi kumfikia. Kwa hivyo kinga ya kwanza ni sisi wenyewe.

Jawabu langu kwa yule kijana lilikuwa hili. Ujira wa kutafuta ni halali kwao kwa kadiri walivyotafuta na wakasema kweli. Sehemu waliyoichukua kwa kuficha umri wa khabari, na ile waliyoikata baada ya yeye kuonyesha kwamba hataki tena, hiyo si riziki njema, na ana haki ya kuidai, hata kwa kuiendea benki yake aizuie. Na yule anayefanya kazi hii naye ni Mwislamu, basi na asafishe daftari lake kabla ya kusomewa.

Na nyinyi ndugu zetu wa pwani, ambao safari za ng'ambo kwenu ni nyingi kuliko kwetu, yashikeni machache haya. Kabla ya kulipa, ulizeni khabari hizi ni za saa ngapi, na ni mashirika gani hayamo. Andikeni siku ya kulipa na siku ya kukatwa tena, kwani mali bila daftari huisha bila khabari. Mkionyeshwa kiti, msikate nauli ya basi wala msimwahidi mgonjwa mpaka tiketi imetoka na jina la msafiri limo ndani yake. Na safari ikiwa ni ya ugonjwa au ya maziko, msikiache kiti kilichopo kwa ajili ya kile kinachosemwa kwamba kipo. Tofauti ya bei hulipika kwa mkopo wa mwezi, lakini kuonana hakuna mkopo wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wakweli katika kuuza na waangalifu katika kununua, na Yeye ndiye ajuae zaidi.