Kutoa ni Moyo, Lakini Kutoa Nini? Uhakiki wa Mfano wa Mtoto Bwawani

Mwaka 1972 mwanafalsafa Mwaustralia, Peter Singer, alichapisha makala fupi ambayo wanafunzi wa maadili bado wanaisoma. Aliiandika mwishoni mwa 1971, wakati mamilioni ya wakimbizi kutoka Bengali ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, walikuwa wakitaabika kambini nchini India. Hoja yake imebebwa na mfano mmoja. Unapita kando ya bwawa lenye kina kifupi, unamwona mtoto anazama. Utaingia umtoe. Nguo zitajaa tope, lakini nguo si kitu mbele ya uhai. Basi, anasema Singer, kama ni wajibu kumwokoa mtoto aliye mbele yako, ni wajibu vilevile kutoa pesa za kumwokoa mtoto aliye nchi za mbali. Umbali haupunguzi wajibu.

Wahakiki wengi wamembana Singer kwenye suala la umbali, au wamelalamika kwamba anadai mno. Mimi nakubaliana naye kuhusu umbali. Kinachonisumbua ni maneno mawili ambayo msomaji huyapita haraka: kina kifupi. Katika bwawa la namna hiyo moyo na akili havina sababu ya kugombana. Moyo unasema "mtoe", na akili inasema "maji yanakufika magotini tu, mtoe". Hakuna anayeuliza atolewe namna gani. Hapo ndipo mfano unapotuteka: tunaanza kuamini kwamba kazi nzima ya msaada ni kuamua kusaidia, na kwamba tukishaamua, mengine yatajipanga yenyewe.

Nimekulia Kimaka, Jinja. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa chuo cha jeshi kabla hakijawa somo langu, na wageni waliokuja kujitolea walikuwa jambo la kawaida kama ndege ndogo zinazotua pale uwanjani. Ndiyo maana siwezi kumsoma Singer bila kuikumbuka Masese, upande wa pili wa mji, kando ya ziwa. Huko ndiko Renee Bach, msichana kutoka Virginia, Marekani, aliyefika Jinja kwa mara ya kwanza mwaka 2007, alikoendesha shirika la Serving His Children, alilolianzisha mwaka 2009 ili kuwalisha watoto wenye utapiamlo. Hakuwa na shahada ya udaktari wala ya uuguzi. Kati ya 2010 na 2015 kituo kilipokea watoto zaidi ya 900, na 105 kati yao walifariki. Mwaka 2015 afisa wa afya wa wilaya aliamuru kifungwe. Mwaka 2019 akina mama wawili, wakisaidiwa na shirika la Women's Probono Initiative, walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Jinja wakidai kwamba waliamini mwanamke yule ni daktari. Bach alikana madai hayo. Ni haki pia kusema kwamba watoto wengi walifikishwa pale wakiwa hoi, kwa hiyo idadi ya vifo peke yake haithibitishi kosa la mtu.

Nawaomba wasomaji waitazame habari hii kwa jicho la Singer. Huyu hakutuma hela akalala. Aliacha kwao akaingia majini kwa miguu yake. Umbali haukuwepo kabisa, na huruma ilikuwepo tele. Lakini utapiamlo mkali si bwawa la kina kifupi. Mwili uliozoea njaa haumudu chakula kingi cha ghafla: madini katika damu huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana miongozo ya Shirika la Afya Duniani huanza na maziwa yaitwayo F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na huonya kwamba mtoto wa aina hiyo asitundikiwe dripu ila kwa sababu maalumu. Anayemwona mtoto amebaki mifupa hutamani kumshibisha papo hapo. Maarifa ndiyo yanayomshika mkono.

Mtu atanijibu: basi tuwaachie madaktari. Jibu hilo linanipeleka Mbale. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri atiliwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Nani angethubutu kumnyima? Kuanzia 2009 Hospitali ya Rufaa ya Mbale ilikuwa mojawapo ya hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania zilizoshiriki katika jaribio lililoitwa FEAST. Watoto wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Matokeo yaliyochapishwa Mei 2011 yalihusu watoto 3,141. Kati ya waliotiliwa maji kwa haraka, takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiotiliwa, ni asilimia 7.3. Yaani maji, ambayo katika mfano wa Singer ndiyo hatari, hapa yalikuwa yanatolewa kama wokovu, nayo yakaua.

Madaktari hao walikuwa na shahada, walikuwa na huruma, na walifuata kitabu. Kilichowaokoa watoto waliofuata ni kwamba palikuwa na kamati huru iliyokagua takwimu, yenye uwezo wa kusema "acheni". Jaribio lilisimamishwa Januari 2011, kabla ya kufikia idadi ya watoto iliyopangwa. Kwa hiyo siridhiki na ile kawaida yetu darasani ya kuweka moyo upande mmoja na akili upande mwingine kisha kutafuta katikati. Swali zito zaidi ni hili: nani anaweza kumwambia mtoaji aache, na mtoaji akasikia?

Methali zetu hazisaidii sana hapa. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" hupima moyo dhidi ya mali. Ujuzi haumo kwenye mizani. "Tenda wema uende zako" ilitungwa kumwonya anayengoja shukrani, nayo inafaa kwa hilo, lakini katika masikio ya mfadhili lile "uende zako" hugeuka ruhusa ya kutotazama nyuma. Mfadhili wa mbali ndiye mwenye hali mbaya zaidi, kwa kuwa anachorudishiwa ni picha: kushoto mtoto aliyekonda, kulia mtoto yuleyule amenona. Aliyekufa hana picha ya kulia. Wafuasi wa Singer, wanaohesabu faida ya kila shilingi kabla ya kuitoa, wameziba nusu ya tundu hilo, nami nawaheshimu kwa hilo. Hata hivyo anayeshika kalamu ya hesabu bado ni mtoaji.

Rudini bwawani mhesabu watu. Wapo wawili, mpita njia na mtoto. Mama hayupo. Hakuna jirani anayejua maji yale, wala muuguzi. Singer amewaondoa wote ili wajibu uonekane wazi, na kama mbinu ya hoja sina ugomvi nayo. Lakini watoto wa Masese walikuwa na mama zao na bibi zao, na uchungu wa akina mama wawili ndio ulioyafikisha mambo mbele ya hakimu, miaka minne baada ya kituo kufungwa. Uchungu ule ulikuwa hisia, na ulikuwa ushahidi vilevile. Kesi ilimalizika Julai 2020 kwa makubaliano ya nje ya mahakama. Kila familia ililipwa takriban dola 9,500, na upande wa Bach haukukiri kosa. Swali la nani alipaswa kusema "acha", na mapema kiasi gani, mahakama haikupata nafasi ya kulijibu.