Kuuliza si ujinga, ila kwa wakuu wa programu huria

Mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea simu yake nisome. Alikuwa amewauliza waundaji wa programu moja huria ya uchanganuzi wa lugha kwa nini inachanganya "ki" ya masharti katika "akisoma" na "ki" ya mtendwa katika "amekisoma". Alianza kwa salamu, akajitambulisha, akaomba radhi kwa kuwasumbua, ndipo akauliza. Jibu lilikuja upesi: soma mwongozo. Swali likafungwa.

Nilipotaka kujua ustaarabu huu umetoka wapi, nilielekezwa kwa makala ya Eric Raymond na Rick Moen ya mwaka 2001, How To Ask Questions The Smart Way. Nimeisoma yote. Nakiri ina busara. Inamtaka muulizaji atafute jibu mwenyewe kwanza, ataje toleo la programu anayotumia, tena aeleze dalili alizoziona wala si dhana zake kuhusu chanzo. Hata daktari hutaka hivyo. Na wengi wanaojibu ni watu wa kujitolea, wanaoulizwa yaleyale kila siku.

Ninapotofautiana nayo ni katika pragmatiki. Waandishi wanataka ukali wa wajibuji uchukuliwe kuwa unyoofu tu, na anayeumia ajikaze. Wasiojitahidi wanapewa jina la dharau. Asiye mzawa wa Kiingereza anashauriwa atahadharishe mapema kwamba huenda akakosea lugha. Jamani, mzigo wote abebe mgeni! Mwenyeji hatakiwi kujua kwamba kwetu salamu ndefu ni hodi, na mtu haingii nyumba ya watu bila hodi. Brown na Levinson walishaeleza kuwa ombi hutishia uso wa anayeombwa. Kule kuomba radhi ni kinga. Lakini Stack Overflow, iliyoanzishwa 2008, haitaki salamu wala shukrani ndani ya swali. Kwao kinga hiyo ni takataka.

Kinachonisikitisha ni kwamba dawa imo humohumo. Karibu na mwisho wa makala kuna sehemu fupi inayowahusu wanaojibu: wawe wapole, na anayekosea mara ya kwanza aelekezwe faraghani, asiaibishwe mbele ya watu. Hiyo ingekuwa sura ya kwanza. Imewekwa mkiani, na nashuku wengi wanaoitumia makala hii kama fimbo hawajafika huko.

Wakubwa wengine wamejirudi. Septemba 2018 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa ukali wake, akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za maadili.

Ule mwongozo niliusoma pia, ukurasa kwa ukurasa. Suala la "ki" halimo. Programu ingali inakosea vilevile, na mwanafunzi wangu hajawauliza tena.