Robo Saa ya Kila Mchana

Kuanzia 1933 hadi 25 Novemba 1960, Marekani ilisikiliza mchezo wa redio ulioitwa Ma Perkins, kisa cha mjane aliyekuwa na duka la mbao katika mji mdogo. Dakika 15, siku tano kwa wiki, kwa miaka mingi kwa gharama ya kampuni ya sabuni. Jumla yake ilipita vipindi 7,000.

Fikiria kazi iliyokuwa nyuma ya robo saa hiyo. Kwa miaka mingi michezo ya redio ya aina hii ilikwenda hewani moja kwa moja. Aliyekwama kwenye neno hakuwa na pa kurudia. Waigizaji walisimama mbele ya maikrofoni wakiwa na karatasi mkononi, wakifungua kurasa taratibu, kwa sababu hata mchakacho wa karatasi ungefika sebuleni kwa msikilizaji. Pembeni alikuwapo fundi wa sauti na mlango wake mdogo wa mbao na sanduku la kokoto za kukanyagia. Mpiga kinanda alitazama mkono wa mwongozaji. Mwandishi, ambaye hakuna aliyemwona, alidaiwa kurasa mpya kila siku, awe mzima au mgonjwa.

Mwigizaji wa mjane huyo alianza akiwa na miaka 23, akaigiza sauti ya mama mtu mzima kwa miaka 27, mpaka kipindi cha mwisho. Huo ni uvumilivu wa kuheshimiwa.

Wewe unayefuatilia tamthilia kila jioni, wape watu hawa haki yao: njia ya tamthilia hizo waliifyeka wao.